Wapiga Mbizi: Bamba na Mfuko wa Hewa Unaofaa

Wapiga mbizi wanaoongoza wageni Diani na Kisite wanashauriwa kukagua vifaa vyao kabla ya msimu wa kaskazi.

Bamba la mgongoni la chuma cha pua lina uzito wa kilo 2 hadi 3. La alumini ni karibu kilo 1. Maji yetu ni ya joto na suti ni nyembamba, hivyo alumini mara nyingi hutosha. Aliyejitwika uzito kupita kiasi hutegemea mfuko wa hewa pekee, ukipasuka, anazama.

Ili kupima mfuko, funga mtungi uliojaa, jaza mfuko hewa, kisha utie vyote majini bila kuvaa. Lazima vielee.

Kiganja kipite kwa urahisi chini ya mkanda wa bega. Mkanda wa katikati ya miguu uzuie bamba kupanda shingoni, bila kubana. Bizimu la kiunoni lifunguke kwa mkono mmoja.

Mtungi wa alumini wa lita 11 hupungua zaidi ya kilo 2 hewa inapotumika. Kwa hivyo, pima risasi mtungi ukibakia na baa 50: mfuko ukiwa mtupu, mpiga mbizi aweze kutulia mita 5 bila kupanda.