Mtoto wa Mbwa na Dawa ya Minyoo: Uliza Kwanza, Ndipo Ulipe

Mikutanoni mwetu tunazungumza habari za mbuzi wa maziwa, kuku na nyuki. Mbwa hatumtaji. Hata hivyo yeye ndiye hulala nje akilinda hao mbuzi na kuku, na mchana kutwa hucheza na watoto wetu. Wakati huu tumeona tuzungumze juu yake, kwa sababu ya jambo lililotokea katika kikundi chetu.

Mama mmoja mwanachama alipewa mtoto wa mbwa na jirani. Alikuwa wa wiki sita hivi, mbavu zinaonekana lakini tumbo limejaa kama ngoma. Siku ya soko mama akamtia kwenye kikapu, akampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa. Daktari akamtazama mara moja tu, akasema, "Mama, huyu usipomtibu sasa hivi hafiki asubuhi." Mama akashtuka. Mbwa akadungwa sindano mbili. Kisha mama akauziwa chupa ya vitamini, poda ya viroboto, mfuko wa chakula cha mbwa, na mwisho kabisa kidonge kimoja cha minyoo. Hesabu ikawa shilingi 2,400. Hizo zilikuwa pesa za karo, na mama hakupewa hata risiti.

Alipotueleza mkutanoni, kelele ikawa nyingi. Wengine walisema, "Hawa madaktari ni wezi tu. Mbwa wetu wamekua miaka yote bila dawa." Wengine wakasema daktari amesoma, kwa hiyo akisema lipa, wewe lipa. Tulikwenda tukauliza wanaojua, na tukaona kwamba pande zote mbili zilikosea. Katika vitu vyote alivyouziwa mama yule, kile kidonge cha minyoo, kilichokuwa cha bei ndogo kuliko vyote, ndicho kilichohitajika kweli. Mtu akikusukuma ununue vitu kumi, haina maana kwamba vyote kumi ni uongo. Kazi yetu ni kujua kuchagua.

JE, MTOTO WA MBWA ANAHITAJI DAWA YA MINYOO?

Jibu ni ndiyo, karibu kila mara, hata kama hujaona mnyoo. Sababu ni hii. Mbwa jike huwa na vijinyoo vya chango ambavyo vimelala ndani ya nyama ya mwili wake. Yeye mwenyewe anaonekana mzima kabisa. Akishika mimba, vijinyoo hivyo huamka na kuingia kwa watoto wakiwa bado tumboni. Vingine hupita katika maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa huzaliwa tayari ana minyoo, na akifika wiki tatu au nne hivi anaweza kuanza kutoa mayai ya minyoo katika kinyesi.

Minyoo inayomsumbua zaidi ni ya aina tatu:

Chango ni mirefu na myeupe kama tambi. Humfanya mtoto awe na tumbo kubwa, manyoya yasiyong'aa na kukonda ingawa anakula. Pengine huitapika.

Safura ni midogo na hunyonya damu. Mtoto mwenye safura nyingi ufizi wake huwa mweupe badala ya mwekundu, na kinyesi huwa cheusi kama lami. Huyu anaweza kufa upesi.

Tegu hutoa vipande vidogo kama punje za mchele, ambavyo utaviona kwenye kinyesi au chini ya mkia. Tegu wa kawaida huletwa na viroboto: mbwa akimmeza kiroboto, amemeza na tegu.

Wengine watauliza, je, si afadhali kinyesi kipimwe kwanza? Kwa mbwa mkubwa hilo ni jambo zuri, kama kuna maabara karibu. Kwa mtoto mdogo kipimo kinaweza kukudanganya. Minyoo ambayo haijakomaa haitagi mayai, na kipimo hutafuta mayai. Utaambiwa hana kitu, kumbe amejaa. Ndiyo sababu watoto wa mbwa hupewa dawa kwa kufuata umri, bila kungoja dalili.

HATARI KWA WATOTO WETU

Mtu aweza kusema, "Mbwa ni mbwa tu, akifa tutapata mwingine." Lakini minyoo hii haiishii kwa mbwa. Mayai ya chango hukaa udongoni miaka kadhaa. Mtoto anayecheza mchangani na kutia vidole mdomoni huyameza, na vijinyoo vinaweza kusafiri mpaka kwenye ini, mapafu, hata jicho, na kuharibu uwezo wa kuona. Safura ya mbwa nayo huingia katika ngozi ya mguu usio na kiatu, ikachora mstari uliopindapinda unaowasha sana.

Tena kuna tegu mwingine mdogo sana, hafiki hata sentimita moja, na kwa macho hutamwona kwenye kinyesi. Mbwa humpata akila maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia yenye vifuko vya maji. Binadamu akimeza mayai yake, vifuko kama hivyo huota ndani ya ini au mapafu na kukua pole pole kwa miaka, mpaka pengine apasuliwe hospitalini. Ndugu zetu wa Turkana wameteswa sana na ugonjwa huu. Mwaka 1983 shirika la Amref lilianza mpango wa kuupunguza huko, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuwapa mbwa dawa ya tegu. Kwa hiyo mkichinja, mbwa asipewe matumbo mabichi. Yachemsheni vizuri, au yazikwe shimoni kwa kina asikoweza kufukua.

LINI, NA KIASI GANI

Utaratibu unaotumika na wengi ni huu:
1. Dawa ya kwanza akifika wiki mbili tangu kuzaliwa.
2. Rudia kila baada ya wiki mbili: wiki ya 4, ya 6 na ya 8.
3. Halafu mara moja kwa mwezi mpaka afike miezi sita.
4. Kuanzia hapo, kila baada ya miezi mitatu.
5. Mama yao apewe pamoja nao, la sivyo watarudi pale pale.

Kwa nini kurudia? Dawa huua minyoo iliyo tumboni. Ile ambayo bado iko njiani katika ini na mapafu inaokoka, kisha inashuka. Kwa hiyo anayekuambia dawa moja inatosha milele hakuambii kweli. Na anayekuambia umrudishe kila wiki kwa mwaka mzima, huyo naye anajitafutia riziki.

Ukimpata mtoto wa mbwa na hujui kama alipewa, mpe tu, halafu andika tarehe. Kumrudishia dawa ya mbwa kwa kipimo sawa ni hatari ndogo kuliko kumwacha.

Kipimo hufuata uzito wa mwili. Mpime kwenye mizani ya dukani akiwa ndani ya kikapu, kisha utoe uzito wa kikapu. Vidonge vingi ni kimoja kwa kilo 10. Kwa hivyo mtoto wa kilo mbili na nusu anahitaji robo, wala si kidonge kizima. Soma karatasi ya dawa yenyewe, maana hazilingani zote.

Dawa pia hazifanyi kazi moja. Piranteli huua chango na safura, lakini haiui tegu. Prazikwanteli huua tegu, lakini haiui chango. Fenbendazoli hutolewa siku tatu mfululizo. Kuna vidonge vilivyochanganya zaidi ya moja. Mtoto ambaye bado ananyonya huhitaji zaidi ile ya chango na safura.

Tunaonya juu ya mambo mawili. La kwanza, usimpe dawa ya ng'ombe au mbuzi kwa kukisia. Zimetengenezwa kwa mnyama mkubwa, na tone lililozidi linaweza kumwua mbwa mdogo. La pili, mafuta ya taa na tumbaku ni sumu. Tunajua wazee walivitumia, lakini mbwa wengi walikufa na ikasemwa ni minyoo.

Baada ya dawa unaweza kuona minyoo mizima ikitoka. Usiogope, ndiyo kazi yake. Kizoe kinyesi na kukizika.

UKIKUTANA NA DAKTARI ANAYEKUSUKUMA

Kwanza tuseme haki. Madaktari wengi wa mifugo ni watu waaminifu, na wametuokolea ng'ombe wengi. Tena, tangu miaka ya 1990 kazi kubwa ya matibabu ya mifugo iliachiwa watu binafsi, nao wanalipa kodi ya duka na nauli ya pikipiki. Si vibaya wapate faida. Ubaya ni mtu kukutia hofu ili usiulize.

Kwa hiyo uliza kwa heshima, bila kupandisha sauti:

"Daktari, umeona ugonjwa gani?" Kama hajamgusa mbwa, hajatazama ufizi wala kuuliza umri, huyo bado hajaona kitu.

"Dawa hii inaitwaje, na inaua minyoo gani?" Omba uone karatasi yake na tarehe ya kuharibika.

"Umempimia kilo ngapi?"

"Nikingoja mpaka wiki ijayo itakuwaje?" Hili ndilo swali kubwa. Daktari mzuri atakueleza sababu. Mwuzaji tu atarudia kukutisha.

"Kila kitu ni bei gani peke yake?" Aandike kabla hajafungua chupa, na akupe risiti.

Ukiona mambo yamekuwa mengi, sema hivi: "Asante Daktari. Leo nitachukua dawa ya minyoo tu. Hayo mengine nitashauriana na watu wa nyumbani, nikirudi tutaongea." Umelipa unachohitaji, hujamtukana mtu, na mlango uko wazi. Mtakutana tena siku ng'ombe akishindwa kuzaa.

Vitamini, poda na chakula cha mfuko si vibaya, ila mara nyingi vinaweza kungoja. Mtoto wa mbwa aliyetolewa minyoo akila uji, maziwa kidogo na mabaki ya nyama iliyopikwa, hunenepa.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji, na hapa tusiwe wabishi. Ufizi ukiwa mweupe, akiharisha damu, akitapika bila kukoma, au akilegea asiweze kunyonya, mpeleke siku hiyo hiyo. Pengine si minyoo peke yake, na mbwa mgonjwa hivyo asipewe dawa ya minyoo kabla hajatazamwa. Pia chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu na kila mwaka, usiikatae kamwe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, huwa ni kifo. Sikiliza matangazo ya kaunti, maana mara nyingine chanjo hiyo hutolewa bure.

Kumbuka vile vile kwamba kwa sheria ya mwaka 2011 kila anayetibu mifugo Kenya, awe daktari au msaidizi, anatakiwa kuwa ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kuomba kuona cheti chake si matusi. Afisa wa mifugo wa wadi yenu anaweza kuwaambia nani ameandikishwa.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Mtu mmoja ni rahisi kutishwa, lakini watu ishirini ni vigumu. Sisi tulifanya hivi. Tuliandika mbwa wote wa wanachama katika daftari moja: umri, tarehe ya dawa, tarehe ya chanjo. Tulichanga pesa tukanunua vidonge kwa pamoja, tukagawana kwa robo na nusu kulingana na kilo. Tulimwalika daktari siku moja, tukakubaliana bei mbele ya wote, na kila boma likachimba shimo la kinyesi na matumbo.

Daktari tuliyemwalika, je, mnadhani alikuwa nani? Ni yule yule wa sokoni. Mbele ya kikundi alipima kila mbwa, akajibu kila swali na kuandika risiti. Hakusema hata mara moja kwamba kuna mbwa hatafika asubuhi. Yule mtoto wa mbwa naye yupo, amekuwa mkubwa, na mgeni hawezi kuingia boma la mama yule bila kubisha hodi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu kuna mbwa wangapi? Ni wangapi waliopata dawa ya minyoo mwaka huu?
2. Mkichinja, matumbo huenda wapi?
3. Je, kuna mtu aliyewahi kulipa kwa sababu ya kuogopa tu? Angeuliza nini?
4. Nani atatunza daftari?