Farasi wawili, zizi moja: Nani alikwambia kura ya mgombeaji wa tatu ni ya bure?

Umeingia kibandaski saa saba mchana, njaa imekubana. Unauliza kuna nini leo. Mama anakujibu: "Chapo maharagwe ama chapo ndengu." Wewe hutaki maharagwe wala ndengu, lakini nyuma yako kuna foleni, na mwenzako anakuharakisha: "Chagua bana, tutachelewa job." Basi unachagua ndengu, unakula, unalipa, unaondoka ukinung'unika.

Sasa niambie ukweli: si hivyo ndivyo wengi wetu hupiga kura ya urais?

Kwenye karatasi, Kenya si nchi ya vyama viwili. Daftari la Msajili wa Vyama vya Kisiasa lina vyama zaidi ya 80. Lakini Agosti ya uchaguzi ikifika, karibu vyote hujipanga nyuma ya majina mawili. Mwaka wa 2013 yalikuwa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. 2017, wawili hao hao. 2022, William Ruto na Raila. Katika uchaguzi huo wa 2022 Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, na Raila akapata 6,942,930. Wawili hao walizoa zaidi ya asilimia 99 ya kura halali. George Wajackoyah wa chama cha Roots alipata 61,969, naye David Mwaure wa Agano 31,987. Ukiwajumlisha hao wawili wa mwisho, hawafikishi hata asilimia moja.

Farasi ni wawili, ila ukichunguza wanaowapanda utagundua ni watu wale wale wanaobadilishana tandiko. Mwaka wa 2007 Ruto alikuwa ODM na Raila, huku Uhuru akimuunga mkono Mwai Kibaki. 2013, Ruto na Uhuru wakawa chanda na pete. 2017, Musalia Mudavadi, Moses Wetang'ula na Kalonzo Musyoka walikuwa NASA nyuma ya Raila. 2022, Mudavadi na Wetang'ula wakahamia kwa Ruto, naye Uhuru akahamia kwa Raila. Rigathi Gachagua, aliyekuwa naibu wa Ruto hadi Oktoba 2024, sasa ana chama chake cha DCP na yuko upande wa upinzani. Ukilala siasani nchi hii, ukiamka unakuta adui wako amekuwa shemeji.

Halafu kuna salamu. Machi 9, 2018, baada ya uchaguzi uliogawanya nchi na kura ya marudio, Uhuru na Raila walisalimiana kwenye ngazi za Harambee House. Miaka saba baadaye, Machi 7, 2025, Ruto na Raila walitia sahihi mkataba wa ushirikiano pale KICC. Kila mara tuliambiwa ni kwa ajili ya amani, na amani si kitu cha kudharau hata kidogo. Lakini jiulize: kama kazi ya mmoja ni kutawala na ya mwingine ni kumkagua, mkaguzi akikaribishwa mezani ale, nani atauliza bei ya chakula?

Hapo ndipo siasa za mirengo miwili hufika kikomo. Zikiwa zinapigana, wewe huna pa kusimama isipokuwa uchague upande. Zikipatana, wewe uliyechagua upande unabaki huna upande.

Kumbuka Juni 2024. Vijana walitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha wakisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Juni 25 wakaingia Bunge. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Kuna waliouawa, na kuna familia ambazo hadi leo hazijapata majibu. Baadaye Baraza la Mawaziri likavunjwa. Lilipoundwa upya, nani waliingia? John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya, vigogo wa ODM.

Simaanishi kwamba watu hao hawakufaa kuwa mawaziri. Ninachosema ni kwamba nguvu ya barabarani ilitikisa mti, na matunda yakaangukia kikapu cha mwingine, kwa sababu aliyetikisa hakuwa na kikapu. Kukosa chama kuliwapa vijana uhuru wa kusema bila kununuliwa. Lakini kiti kilipokuwa wazi, hawakuwa na mtu wa kukikalia wala wa kukikataa kwa niaba yao.

Hofu ilitoka wapi?

Ukimwambia rafiki yako kwamba unafikiria kumpigia mgombeaji wa tatu, jibu unalijua: "Usiharibu kura, buda. Utampa yule mwingine ushindi." Hofu hii haikuzuka tu. Ina historia.

Mwaka wa 1992, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurejea, Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 pekee. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana zaidi ya asilimia 60 na wote wakarudi nyumbani. Wazazi wetu walijifunza somo hilo kwa uchungu: mkigawanyika, mmekwisha.

Marekani, ambako Democrats na Republicans wameshikilia uwanja kwa zaidi ya miaka 150, hofu ni ile ile. Mwaka wa 1992 bilionea Ross Perot aliwania kama mgombeaji huru, akapata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Alipata kura ngapi za wajumbe wanaomchagua rais? Sufuri. Mwaka wa 2000, Ralph Nader wa chama cha Green alipata kura 97,488 katika jimbo la Florida, na George W. Bush akamshinda Al Gore pale kwa kura 537. Hadi leo kuna Wamarekani wanaomlaumu Nader kwa urais wa Bush.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunachanganya mambo. Florida anayeongoza ndiye mshindi, hata akiwa na asilimia 40. Kenya ya leo si hivyo, tena si Kenya ya 1992.

Soma Katiba, usisome mabango

Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Asipopatikana mtu wa hivyo, uchaguzi mpya hufanyika ndani ya siku 30 kati ya aliyeongoza na aliyemfuata.

Maana yake ni nini kwako? Duru ya kwanza unaweza kumpigia unayemtaka. Ikiwa hakuna aliyevuka nusu, duru ya pili utapata nafasi ya kumzuia usiyemtaka. Kura yako ya kwanza haimpi "yule mwingine" ushindi, kwa sababu yule mwingine bado anahitaji kuvuka nusu. Kinyume chake, inamzuia yeyote kuvuka bila kuja kukusikiliza.

Tufanye hesabu. Mwaka wa 2022, Ruto alivuka mstari wa nusu kwa takriban kura 70,000. Kama watu takriban 140,000 zaidi wangejitokeza kuwapigia wagombeaji wengine wowote, tungeenda duru ya pili. Mwaka wa 2013, IEBC ilimtangaza Uhuru kwa asilimia 50.07. Hiyo ni pumzi tu juu ya mstari. Katika mwezi huo mmoja wa duru ya pili, mgombeaji wa tatu mwenye asilimia nne tu ndiye mtu anayetafutwa kuliko wote nchini, na anaweza kudai mambo waziwazi mbele ya wapiga kura wake.

Nakubali, mfumo huo haufanyi kazi kila mahali. Ubunge, ugavana na uwakilishi wa wadi havina duru ya pili: anayeongoza huchukua, hata kwa asilimia 25. Huko hofu ya kugawanya kura ni ya kweli. Basi usimdanganye mtu kwamba ni sawa kote. Fikiria kila karatasi ya kura kivyake. Una karatasi sita, si moja, na hakuna sheria inayosema zote zifuate rangi moja.

Je, huyo wa tatu ni wa kweli?

Tatizo jingine ni kwamba wengi waliojiita nguvu ya tatu walikuwa wanapanga bei tu. Mwaka wa 2007 Kalonzo alikuja wa tatu kwa karibu asilimia tisa. Chini ya wiki mbili baadaye, nchi ikiwaka moto, Kibaki alimteua makamu wa rais. Mwaka wa 2013 Mudavadi alipata takriban asilimia nne. Uchaguzi uliofuata alikuwa ndani ya NASA, na uliofuata huo akawa Kenya Kwanza. Ukiwauliza, kila mmoja ana sababu zake. Lakini mpiga kura wao hakuulizwa.

Kwa hivyo kabla hujavaa fulana ya mtu kwa sababu ni kijana, anatamba TikTok na anaongea sheng poa, muulize mambo haya. Chama chako kina ofisi nje ya Nairobi? Nani alikichagua kiongozi wenu, na lini? Pesa zinatoka wapi? Mnasimamisha MCA wangapi? Na mkifuatwa kuungana na mrengo mmoja, nani ataamua: wanachama ama wewe na simu yako? Asiyeweza kujibu swali la mwisho anakuuza, hata kama hajapata mnunuzi bado.

Sheria yenyewe inadai mizizi. Ili kusajiliwa kikamilifu, chama lazima kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 waliosajiliwa kama wapiga kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Si kazi ya wikendi moja. Lakini kuna mlango wa karibu zaidi. Kuna wadi 1,450 nchini. Kuwania uwakilishi wa wadi kama mgombeaji huru, Katiba inahitaji uungwe mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Ubunge ni 1,000 wa eneo bunge lako. Usiwe tu mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Mgombeaji huru naye ana mipaka yake. Mwaka wa 2022 wabunge huru 12 walichaguliwa katika Bunge la Kitaifa, na wengi wao hawakukawia kushirikiana na mrengo wa serikali. Mtu mmoja bungeni ni kama mtu mmoja kwenye matatu anayekataa nauli kupandishwa: atashushwa. Wakiwa kumi na wanne wamekubaliana, kondakta anashusha bei. Ndiyo maana kura ya chama kidogo chenye msimamo, hata cha MCA, ina thamani kuliko unavyodhani. Sehemu kubwa ya Hazina ya Vyama vya Kisiasa hugawanywa kwa kuzingatia idadi ya kura ambazo vyama vilipata.

Chama kikubwa kuliko vyote

Nimalizie na nambari moja. Mwaka wa 2022 waliosajiliwa kupiga kura walikuwa 22,120,458. Karibu milioni 7.8 hawakufika kituoni. Linganisha na kura za mshindi, milioni 7.2. Chama kikubwa zaidi nchini hakina bendera wala manifesto. Kinaitwa "wote ni wale wale", na siku ya kura kilikaa nyumbani.

Nakielewa. Nimewahi kukaa kwenye sofa hilo pia. Ila kukaa nyumbani hakuadhibu farasi yeyote kati ya wale wawili. Kunawapunguzia tu kazi, kwa sababu nusu ya kura chache ni rahisi kuvuka kuliko nusu ya kura nyingi.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kama hujajiandikisha, tembelea ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako wiki hii, si ile ya mwisho yenye foleni. Kisha mjue MCA wako kwa jina, na umjue anayetaka kumwondoa. Ukifika kibandani na kukuta sufuria mbili tu, si lazima ulale njaa. Unaweza kuuliza ya tatu. Mkiuliza wengi, siku moja mama ataipika.