Jana Ulikula Nini? Dodoso Fupi la Mlo

Ukimuuliza mama wa Makurunge, Bagamoyo, mwezi uliopita alikula samaki mara ngapi, atakukadiria tu ili umwache aendelee na kazi zake. Muulize kama jana alikula samaki, atakujibu papo hapo. Dodoso fupi la mlo limejengwa juu ya tofauti hiyo.

Njia ndefu inajulikana. Mdodosaji hukaa na mtu wakapitia kila alichokula kwa saa 24, wakakisia kiasi kwa upawa na kikombe, kisha hesabu ikafanywa kwa majedwali ya virutubisho. Tanzania ina majedwali yake, yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Ni kazi nzuri lakini ghali, na huku pwani inakwamishwa na sinia: watu watano wakila pamoja, nani atajua kila mmoja amemega kiasi gani?

Dodoso fupi halisumbuki na vipimo hivyo. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 2016, kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, unagawa vyakula katika makundi 10. Aliyekula kutoka makundi 5 au zaidi jana, mchana na usiku, anahesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mlo wa aina mbalimbali. Dodoso jingine, lenye maswali 29 ya ndiyo au hapana, humalizika kwa dakika tano hivi, na linauliza pia kuhusu soda na vya kukaanga. Hilo ni jambo la maana siku hizi, kisukari na shinikizo la damu vilivyo vingi.

Ufupi huo una kazi yake. Swali la jumla, “Ulikula mboga?”, halifai kabisa Bagamoyo: aliyekula ugali kwa dagaa atasema ndiyo, na ana haki, maana kitoweo chochote huitwa mboga. Lazima majani yatajwe kwa majina, yaani mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde. Kiazi kitamu cheupe kinaingia kundi la wanga pamoja na muhogo, ilhali cha rangi ya chungwa kinakwenda kwenye vyakula vyenye vitamini A kwa wingi. Embe bivu nalo limo humo, lakini si lile bichi la kuchovya pilipili na chumvi. Tui la nazi, pamoja na utamu wake wote, linawekwa kwenye mafuta na haliongezi kundi. Mchuzi wa samaki usio na mnofu hauhesabiwi kuwa samaki.

Kisha kuna chakula cha nje ya nyumba. Kibarua wa shamba la miwa huenda amekula kwa mama ntilie, na mwanamke aliyetoka sokoni amekula andazi njiani akalisahau. Swali lisipowakumbusha, vyote hivyo vinapotea. Mdodosaji naye asisifu jibu lolote, maana watu wameshajua kliniki hupenda kusikia nini.

Wakati pia una uzito. Ukipima msimu wa maembe tu, kata nzima itaonekana inakula vizuri. Ukipima Ramadhani, umepima futari. Kwa maoni yangu, utafiti uliogawanywa katika misimu miwili, hata wenye watu wachache, una thamani kuliko mkubwa wa wiki moja. Na kabla ya kuanza, wanawake wachache wa hapo hapo wasomewe maswali, waeleze walivyoyaelewa. Hatua hii hurukwa mno.

Matokeo yanaelezea kundi la watu, si mtu mmoja. Hayamwambii mama yeyote kama ana upungufu wa damu; hilo linahitaji kipimo cha damu. Kwa hiyo mdodosaji akibisha hodi, mwambie ulichokula jana kweli, hata kama ni ugali na chumvi. Jibu la kumridhisha linaficha shida ya kata yako.