Mlo wa rangi ya waridi: chakula hakitibu saratani ya matiti, lakini mazungumzo ya mezani yanaweza kuokoa maisha

Oktoba ni mwezi wa kuhamasisha jamii kuhusu saratani ya matiti, na rangi yake ni waridi, au pinki kama wengi tunavyoiita. Wapo wanaovaa fulana za rangi hiyo na wapo wanaobandika utepe kifuani. Njia nyingine rahisi ni kupika. Kikundi cha vikoba, majirani au wafanyakazi wenzako mnaweza kukaa pamoja na kula vyakula vyenye rangi hiyo kwa asili, bila kununua rangi za dukani.

Kabla ya kuwasha jiko, jambo moja lieleweke: hakuna juisi, tunda wala mboga inayotibu saratani ya matiti. Mlo huu ni sababu ya kukutana na kuzungumza. Kinachookoa maisha ni hatua mtakazochukua baada ya kula.

Kwa nini tuzungumze?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ikigundulika mapema, nafasi ya kupona ni kubwa. Hata hivyo, katika nchi zetu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea.

Sababu ni nyingi. Mara nyingi kivimbe cha mwanzo hakiumi, hivyo mtu hukipuuza. Wengine huona aibu kuonyesha titi kwa daktari, na wengine huogopa gharama au majibu. Wapo pia wanaoanza kwanza na dawa za mitishamba au juisi. Mama anayekunywa juisi ya bitiruti miezi sita akisubiri kivimbe kiyeyuke anaipa saratani miezi sita ya kukua.

Mpike nini?

Juisi ya rozela. Osha maua makavu ya rozela, yachemshe dakika chache pamoja na tangawizi, kisha yaache yapoe na uchuje. Rozela ina uchachu wa asili, na uchachu huo ndio unaoifanya rangi yake iwe nyekundu ya kung'aa. Ukiongeza maji hupata waridi. Tia sukari kidogo tu, au changanya na juisi ya nanasi badala ya sukari.

Wali wa nazi wa waridi. Kwaruza bitiruti mbichi na kamua maji yake. Pika wali kwa tui kama kawaida, kisha mimina maji ya bitiruti wali unapokaribia kukauka. Usiyatie mwanzoni, kwa sababu rangi ya bitiruti hupauka ikikaa sana kwenye moto.

Kachumbari ya kabichi ya zambarau. Katakata kabichi nyembamba, kisha kamulia limau au ndimu. Mbele ya macho yenu rangi itageuka kutoka zambarau kwenda waridi. Watoto hupenda sana kuona hili.

Matunda. Mapera yenye nyama ya waridi na tikiti maji hayahitaji kupikwa. Rangi yao hutokana na laikopini, ambayo pia huipa nyanya wekundu wake.

Je, vyakula hivi vina faida?

Ndiyo, kama sehemu ya mlo kamili. Matunda na mboga huupa mwili vitamini na nyuzinyuzi, na husaidia kudhibiti uzito. Uzito uliopita kiasi huongeza uwezekano wa kupata saratani ya matiti, hasa baada ya mwanamke kukoma hedhi. Pombe pia huongeza uwezekano huo, hata ikinywewa kidogo, kwa hiyo mvinyo wa waridi usiwe sehemu ya sherehe hii. Kufanya mazoezi na kunyonyesha hupunguza uwezekano huo.

Lakini kupunguza si kuzuia kabisa. Wapo wanaokula vizuri, hawanywi pombe, na bado wanaugua. Si kosa lao, na asiwepo mtu mezani wa kumlaumu mgonjwa.

Kama kati yenu yupo aliye kwenye matibabu

Mwulizeni anaweza kula nini kabla ya kupika. Dawa za saratani zinaweza kuleta kichefuchefu au vidonda mdomoni, na vitu vichachu kama rozela na ndimu huuma kwenye vidonda. Balungi huingiliana na baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za saratani. Rozela inaweza kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo anayemeza dawa za presha amwulize daktari kwanza.

Pia, bitiruti inaweza kufanya mkojo au choo kiwe na wekundu kwa siku moja au mbili. Msiogope. Wekundu ukiendelea wakati hamjala bitiruti tena, nendeni hospitali.

Mezani, zungumzeni haya

Kila mmoja aijue hali ya kawaida ya matiti yake. Kwa anayepata hedhi, siku chache baada ya hedhi kuisha ndizo nzuri kwa kujichunguza, kwani matiti huwa laini zaidi. Nenda kituo cha afya ukiona:

- kivimbe au ugumu kwenye titi au kwapani, hata kama hakuna maumivu
- titi moja kubadilika ukubwa au umbo
- ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa
- chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo
- damu au majimaji kutoka kwenye chuchu, nawe hunyonyeshi
- kidonda au ukurutu kwenye chuchu usiopona

Vivimbe vingi si saratani, lakini huwezi kujua kwa kukisia. Mhudumu wa afya atakuchunguza kwa mikono, na anaweza kukutuma ufanyiwe altrasaundi au mamogramu. Ikibidi, daktari atachukua kinyama kidogo kwa ajili ya maabara, na kipimo hicho ndicho kinachothibitisha. Usikikimbie.

Waiteni na wanaume. Kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mmoja au pungufu ni mwanaume, na dalili ni zilezile. Isitoshe, katika nyumba nyingi baba ndiye mwenye nauli ya kwenda hospitali.

Kabla ya kutawanyika

Msiondoke na vyombo vitupu tu. Pangeni siku ya kwenda pamoja kituo cha afya kuchunguzwa, na kama ni kikundi cha kuweka akiba, tengeni kiasi cha nauli kwa asiyeweza. Aliyenyamaza muda wote mezani mfuateni pembeni kwa upole, huenda ana jambo. Akikwambia, "Dada, mimi nina kitu hapa," usimpe juisi. Mshike mkono mwende hospitali wiki hiyohiyo.