Kabla ya Kulipia Safari ya Ngurdoto

Kreta ya Ngurdoto, iliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni volkano iliyozimika; kingo zake zimefunikwa na msitu ambao mara nyingi hugubikwa na ukungu. Wageni huitazama wakiwa ukingoni, kwani hawaruhusiwi kuteremka ndani. Hivyo, wakala anayekuahidi kushuka humo, au kuuona Mlima Meru bila wingu, anakuuzia asichokuwa nacho.

Ndugu mlaji unayesafiri kutoka mbali, mathalani Kiegei mkoani Lindi, dai kwanza mchanganuo wa maandishi unaotenganisha kiingilio, usafiri na chakula. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Omba stakabadhi yake. Beba kitambulisho cha Taifa, kwani raia hutozwa kiwango nafuu kuliko mgeni wa nje.