Kichwa kipya cha treni ya mvuke chatua Manchester, wazee wakikagua kwa kioo

Kifurushi kililetwa Jumanne saa nne asubuhi, na jirani yangu hakukifungua mpaka Alhamisi usiku. Siku mbili nzima kilikaa juu ya meza yake ya jikoni, karibu na birika la chai, naye anakipita tu. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akaniambia klabuni kwao kitu kipya hufunguliwa mbele ya wenzake, ili macho yote yakione kwa wakati mmoja.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na kichwa cha treni ya mvuke. Si cha kweli, ni cha mfano, urefu wake pamoja na tenda ya makaa ni sentimita 25 hivi. Nilipomtumia picha ndugu yangu aliyeko Dubai alijibu kwenye WhatsApp, "Mchezo wa watoto?" Nikamtajia bei, zaidi ya pauni 200. Akanipigia simu kabisa kuuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia si mimi, ni jirani, na mimi naenda kutazama tu.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Ami yangu yuko hapa kwa matembezi kutoka Mombasa, wiki ya tatu sasa, na baridi ya Manchester imemfungia ndani mpaka amechoka na televisheni. Miaka ya sabini Ami alikuwa fayamani wa East African Railways, yule anayesimama na dereva kuhakikisha moto unawaka na mvuke hauishi. Nikaona huyu ndiye wa kwenda naye.

Klabu inakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Wazee kumi na mmoja, vijana wawili, na reli za mfano zimezunguka ukumbi mzima juu ya meza. Ami aliingia na koti lake zito, akasalimia kwa Kiingereza chake cha karakana, akapewa kiti cha mbele na chai isiyo na tangawizi. Aliinywa bila kulalamika. Huo ni ustaarabu.

Kichwa chenyewe ni mfano wa aina ambayo Waingereza huiita Black Five. Za kweli zilijengwa 842, kati ya 1934 na 1951, kwa muundo wa mhandisi William Stanier wa kampuni ya reli ya LMS. Ilikuwa punda wa kazi zote, leo inavuta abiria, kesho mizigo, kesho kutwa samaki. Zilikuwa miongoni mwa injini za mwisho za mvuke kwenye reli ya taifa ya Uingereza, mpaka huduma hiyo ilipokoma Agosti 1968. Jirani yangu wakati huo alikuwa mtoto anayesimama darajani na kijidaftari, akiandika namba za kila injini inayopita chini yake. Namba aliyoiagiza kwenye huu mfano ni mojawapo ya alizoziandika mwenyewe. Daftari bado analo. Alikuja nalo.

Sasa, mimi nilidhani kikitolewa kwenye boksi kitawekwa relini tuone kikikimbia. Wapi! Karibu saa nzima kilikaa juu ya kitambaa cheupe na hakuna aliyekigusa gurudumu. Kwanza walitazama sura. Mbele ya injini ya mvuke kuna mlango wa duara, na hapo ndipo wakusanyaji wanapoanzia, kama watu wanavyomtazama bibi harusi usoni kabla ya kutazama nguo. Kiduara kikikosewa kwa unywele mmoja, injini nzima inaonekana kama ndugu yake badala ya yeye mwenyewe. Kioo cha kukuzia kikapita mkono kwa mkono. Mmoja akasema wamepata. Mwingine akasema bawaba ni nene. Wakabishana dakika kumi juu ya bawaba ambayo mimi hata kwa kioo niliiona kwa shida.

Kisha rangi. Nyeusi, lakini si ya kung'aa, na hilo liliwafurahisha wote. Kisha ribiti za tenda, na bwana mmoja alizihesabu akilinganisha na picha ya zamani. Kisha uzito, kwa mizani ya jikoni. Nilicheka moyoni mpaka nilipoelezwa kwamba uzito ndio unaoshika reli. Kichwa chepesi magurudumu yake yatazunguka bure pale pale, mabehewa hayasogei. Kwa hiyo siku hizi mwili wa injini hutiwa chuma cha kusubu, aloi ya zinki, badala ya plastiki tupu.

Na hapo ndipo palipo na hofu yao kubwa. Zinki hiyo ikichanganyika na uchafu kidogo, hasa risasi, wakati wa kusubu, inaoza kutoka ndani. Huioni leo wala mwakani. Baada ya miaka kadhaa unafungua kabati unakuta injini imevimba, imepasuka, ukiigusa inamong'onyoka kama biskuti kwenye chai. Mzee mmoja alileta sanduku la treni zake za utotoni zilizokufa hivyo. Aliziweka mezani bila kusema neno, kisha akasema tu, "Hii mpya tutaijua baada ya miaka ishirini." Wakatazamana. Wengi wao hiyo miaka ishirini hawana uhakika nayo.

Ami wakati wote huo alikuwa kimya, ameinama, macho yako chini kwenye magurudumu. Hatimaye akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu miguu yake imekaribiana mno." Nikatafsiri. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, mpaka mwenyekiti akapiga meza.

Kumbe Ami, bila kioo wala vipimo, alikuwa ameigusa aibu kongwe ya mchezo huu. Reli ya kweli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435, sawasawa na SGR yetu ya Mombasa hadi Nairobi. Mfano huu umepunguzwa mara 76, kwa hiyo reli zake zilipaswa kuwa na upana wa karibu milimita 19. Lakini reli zinazouzwa madukani ni za milimita 16.5. Ni mapatano ya zamani sana ya watengenezaji, na yakishatulia mamilioni ya reli yameuzwa, hakuna awezaye kuyarudisha nyuma. Kwa hesabu, kila injini ya Kiingereza ya kipimo hiki inakimbia kwenye njia ya mita moja na robo. Wenyewe wamezoea, hawaioni tena. Ami aliiona kwa dakika arobaini za kukaa kimya.

Basi kikapelekwa relini. Nusu saa kinazungushwa taratibu bila mzigo, kwenda mbele kisha nyuma, ili gia zizoeane. Kina kidude ndani cha kutoa sauti, na hiyo sauti ndiyo iliyoanza kuwanyamazisha, ule mpumuo wa kwanza mzito wa injini inayoondoka. Jirani yangu alivua miwani akaifuta. Wakafunga mabehewa manane, kumi, kumi na mawili. Kikayavuta yote kwenye kilima cha klabu bila kuteleza.

Mzunguko wa tatu wakakipeleka njia ya ndani, yenye kona kali. Nusu kipenyo chake ni sentimita 44, ambayo ukikuza mara 76 ni mita 33 tu, kona ambayo injini kubwa ya kweli isingethubutu. Kikaruka. Kikalala ubavu juu ya mataruma, na kitu chembamba kama sindano kikadondoka sakafuni.

Sijawahi kuona wazee wakipiga magoti kwa haraka namna ile. Kilipatikana chini ya kiti cha Ami. Kilikuwa kibomba cheusi, mojawapo ya vile vinavyotokeza mbele chini ya silinda. Kwenye kona kali, magurudumu madogo ya mbele yanageuka yanakigonga.

Hapo klabu ikagawanyika. Wengine wakasema rudisha. Sheria ya hapa inakupa siku 14 kurudisha kitu ulichonunua kwa mtandao, na jirani alikuwa ametumia mbili. Lakini vichwa hivi hutengenezwa China kwa fungu, na fungu lenye namba yake lilishauzwa lote. Akirudisha atapata pesa, hatapata injini. Alisubiri miaka miwili na ana umri wa miaka sabini na ushei. Wengine wakasema, vunja na cha upande wa pili, tupa vyote, ni urembo tu, wengi wetu hatuvibandiki kabisa. Nilimwona jirani ameshika kile kibomba kiganjani, mkono unatetemeka kidogo, wala hajui afuate upande gani.

Ami akaomba akitazame. Akakisogeza kwenye mwanga.

"Hiki ninyi mnasema urembo?"

Akaeleza, nami nikitafsiri pale Kiingereza kilipomkatia. Injini ikilala usiku, mvuke uliobaki ndani ya silinda unapoa na kuwa maji. Asubuhi ukitaka kuondoka lazima ufungue vali za chini, hayo maji yatoke kwa vibomba hivi, ndiyo ule moshi mweupe mnaouona ukifuka pembeni treni inapoanza kutembea. Ukisahau, pistoni inakuja kwa nguvu inakutana na maji. Mvuke unabanwa, maji hayabanwi. Kifuniko cha silinda kinapasuka. "Dereva wangu alikuwa Singasinga," akasema, "siku ya kwanza aliniambia mambo mawili tu. Usisahau vali. Na usikanyage hapo, nimepasugua." Wakacheka, kwa sababu hata huku wamesoma habari za madereva wale wa Nairobi waliosugua vyumba vya injini zao vikang'aa kama kabati la vyombo.

Mmoja akauliza ni injini gani hiyo. Ami akasema, "Hamsini na tisa." Na ukumbi ukawa kimya kwa namna nyingine.

Maana wakusanyaji hawa wanaijua. Daraja la 59 la East African Railways zilikuwa Garratt 34, zilizojengwa 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252, boila moja katikati na injini mbili, moja mbele na moja nyuma. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja. Na zilitoka Gorton, hapa hapa Manchester, kwenye karakana ya Beyer Peacock iliyofungwa 1966. Mmoja wa wazee wale baba yake alifanya kazi pale.

Wakataka kujua habari za makaa. Ami akawaambia makaa gani, sisi tulichoma mafuta mazito, kazi ya fayamani ni kucheza na vali na kutazama moshi. Ukiwa mweusi unapoteza mafuta, ukipotea kabisa umezidisha hewa. Kisha akatania kwamba Waingereza walizima moto mapema, 1968, sisi wenzao tulikuwa bado tunapandisha mizigo kutoka Mombasa.

Mwenyekiti akaleta utepe wa kupimia. Garratt ya 59 ina urefu wa karibu mita 32, kwa hiyo kwa kipimo chao ingekuwa sentimita 42, nao wakaweka vitabu viwili mezani kuonyesha ingeishia wapi. Ile Black Five pembeni ikaonekana kama mtoto. Mimi dukani sijapata kuiona Garratt hiyo kwa kipimo chao ikiuzwa tayari imeundwa. Na hata ikiuzwa, kwa usahihi ingehitaji reli ya milimita 13, isingeingia kwenye njia za klabu. Ami alisikiliza hayo yote akatikisa kichwa. "Basi wekeni vitabu," akasema.

Jirani hakurudisha kichwa chake. Alibandika kibomba usiku ule ule kwa tone la gundi kwenye ncha ya kijiti cha meno, Ami akimshikia taa, na tangu hapo kinakimbia njia ya nje tu, yenye kona pana. Bawaba bado wanaibishania.

Tulipokuwa tukivaa makoti alimfuata Ami mlangoni na lile daftari la utotoni, akafungua ukurasa wa nyuma uliokuwa mtupu, akamwomba amtajie namba za injini alizofanyia kazi. Ami alimtajia tatu papo hapo. Ya nne alisema ngoja, ataikumbuka akishalala.