Kwaresima: Amri ni Chache, Hiari ni Pana

Ifikapo Jumatano ya Majivu, Wakatoliki wengi wa Bugolobi hupanda kilima cha Mbuya, hupakwa majivu katika Kanisa la Bikira Maria wa Afrika, kisha huteremka na swali moja: mwaka huu nijinyime nini? Huyu huacha bia, yule huacha nyama ya nguruwe, na mwingine sukari katika chai. Majibu hayo si mabaya, lakini yafaa kujiuliza kama yamepimwa au yameokotwa tu njiani.

Kwanza, ndugu msomaji, tufahamu Kanisa limeamuru nini. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, aliyetimiza miaka 14 hujinyima nyama siku za Ijumaa na Jumatano ya Majivu. Kufunga, yaani kula mlo kamili mmoja tu kwa siku, kunawapasa wenye umri wa miaka 18 hadi 59, nako ni kwa siku mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Hayo ndiyo yaliyoamriwa.

Masharti ya zamani yalikuwa mazito zaidi. Tarehe 17 Februari, 1966, Baba Mtakatifu Paulo VI aliyalegeza, akawaruhusu Maaskofu kuweka sala na matendo ya huruma mahali pa mfungo, panapofaa. Asidhani mtu kwamba toba ilifutwa. Mzigo wa kuchagua ulimwangukia muumini mwenyewe, na kila askari ajua kwamba ni rahisi kutii amri iliyoandikwa kuliko kujiamuru mwenyewe pasipo msimamizi.

Basi tuchague vipi? Injili ya Mathayo, sura ya 6, yataja mambo matatu pamoja: sadaka, sala na kufunga. Hayo hayatengani. Mtu aachaye nyama siku ya Ijumaa, kisha akaagiza samaki mzima wa ziwani kwa bei ipitayo ya nyama, hakuvunja sheria, lakini pia hakujinyima chochote. Kadhalika, anywaye chupa mbili za bia kila jioni, akiziacha kwa siku 40, ameokoa bei ya chupa 80. Fedha hizo zikibaki mfukoni, amebana matumizi tu. Zikimfikia jirani asiye na karo ya mtoto, hapo mfungo umezaa sadaka.

Pia tusichague peke yetu. Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 49 ya Kanuni yake, alimtaka kila mtawa amweleze mkuu wake jambo atakaloongeza wakati wa Kwaresima, ili lisigeuke majivuno. Nasi tuna wake, waume na mapadre wa kuwaeleza. Baba aachaye sigara akarudi nyumbani na hasira siku zote 40, hakika amewafungisha watoto wake badala ya nafsi yake. Laiti angalimshauri mama watoto kwanza, huenda angalichagua kuzima simu wakati wa chakula cha jioni na kusali na jamaa yake.

Wala tusidharau mambo madogo. Mwaka 2001, katika parokia hiyo hiyo ya Mbuya, ilianza huduma ya Reach Out kwa wenye UKIMWI. Waumini walijitolea kuwatembelea wagonjwa majumbani mwao. Saa moja ya kumkalia mgonjwa kila juma ni mfungo usiohitaji jiko wala mkoba.

Kwa hiyo, shika jambo moja la sala, moja la kujinyima na moja la sadaka, kila moja dogo kiasi cha kutimizika na zito kiasi cha kuhisiwa. Na ukianguka siku ya kumi, usingoje Kwaresima ya mwakani; anza tena kesho yake asubuhi.